Bei ya Nyama Iliposhuka

"Bei itashuka mchana, nimeku—"

"Wimbo huo huo tangu Januari, Baba Siwema!"

Mama Siwema alikuwa amechoka hata kugomba. Nyama ya serikali iligandishwa kwenye friza za raia, na kufuli la friza halikufunguka lenyewe mpaka bei ya sokoni ishuke. Wakwe walishakuja mara tatu kumposa Siwema, wakala wali na kachumbari kwa adabu, wakaaga. Posa bila nyama ya ng'ombe haifungwi. Leo walikuwa njiani tena.

Saa saba friza ikalia, mfuniko ukaachia. Baba Siwema akarukaruka kama mwehu.

Siwema akaweka viganja juu ya mfuniko, akaushusha taratibu.

"Mama, nakuomba. Tuwaambie bei bado haijashuka."