Mtutu wa Kushoto

Bunduki ya mitutu miwili ilikuwa imepindishwa na mguu wa tembo, na kutu ilikuwa imeifunga kwa miaka arobaini. Namkunda aliiokota kwenye vyuma chakavu vya boma la serikali. Fundi Kibwana aliilowesha mafuta siku tatu, hadi jina la mtengenezaji wa Ulaya likasomeka tena.

Baba yake Namkunda, mzee Sengwaji, alikaa mlangoni mwa karakana. Ujanani alimbebea mzungu mwindaji bunduki hiyo. Siku tembo alipomuua mzungu ulisikika mlio mmoja tu, na mahakama ikasema mbebaji alitia risasi moja badala ya mbili. Alifungwa miaka tisa. Hakuna aliyeifungua bunduki.

"Labda nilisahau kweli," mzee alisema. "Nilikuwa na homa."

"Baba, hata chumvi ya mboga hujawahi kuisahau," Namkunda alimjibu.

Chuma kililia, bunduki ikafunguka. Mtutu wa kulia ulikuwa na ganda tupu. Wa kushoto ulikuwa na risasi nzima, nene kuliko kidole gumba, isiyo na alama ya kugongwa.

"Ulitia zote mbili, mzee wangu," Kibwana alisema taratibu. "Kila mtutu una kifyatulio chake. Bwana wako alivuta cha mbele, cha mtutu wa kulia, mara mbili."

Namkunda alijifunika uso kwa kanga. Mzee aliichukua risasi, akaipangusa kwa shati. Kisha akanyoosha mkono mbele, usawa wa bega la mtu, kama zamani nyuma ya mzungu, akangoja ipokelewe.