Sukari ya Wajane wa Bukoto

Mlango ulipogongwa kwa kitako cha bunduki, wa kwanza kutoka alikuwa Mchungaji Obwona, kupitia jikoni, Biblia kwapani. Waumini walimfuata wakisukumana, wengine wakiruka ua wa jirani na kuacha viatu vyao.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Tangu serikali ipige marufuku makanisa madogo, walisali mchana wa Jumapili nyumbani kwa Joska, Bukoto, redio ikipiga dansi kwa nguvu ili nyimbo za Mungu zisisikike nje. Na mara zote mbili askari alikuja Joska alipouliza jambo moja: sukari ambayo ndugu wa kanisa wa Nairobi walimkabidhi mchungaji kwa ajili ya wajane imekwenda wapi? Kampala nzima ilikuwa inakunywa chai chungu. Joska mwenyewe alikuwa mjane. Mumewe alitiwa na watu wa serikali kwenye buti la gari mchana kweupe, hakuonekana tena.

Jumapili iliyofuata, Obwona alihubiri juu ya Yuda.

"Kati yetu yupo anayetuuza kwa askari," alisema, akamkazia macho Joska mpaka wote wakageuka kumtazama. Mama Acayo, aliyeketi naye benchi moja, akasogea pembeni.

Joska alisimama. "Mimi niliuliza sukari tu, baba mchungaji. Na leo nauliza tena."

"Nitakujibu, mwanangu. Mtumishi wa Bwana hana la kuficha." Obwona alijifuta jasho, akafungua dirisha apate hewa, akakohoa. "Sasa, hiyo sukari..."

Mlango ukatikiswa. "Fungua! Mimi napiga risasi!"

Watu wakatimkia jikoni kama kuku walioona mwewe. Joska hakukimbia. Alijua akikimbia leo, jina la msaliti litabaki naye mpaka kaburini. Alifungua mlango kwa mkono wake, kisha akarudi akaketi sakafuni.

"Toka!" askari alifoka. "Nyinyi yote, toka!"

"Sitoki. Hapa ni kwangu. Ukitaka kuniua, niue nimekaa."

Mama Acayo, aliyekwishafika jikoni, aliona haya. Alirudi, akaketi ubavuni mwa Joska, akamshika mkono. Akaja mwingine. Kisha wote wakaketi, wanatetemeka, wamejaa mpaka kwenye mlango wa jikoni, na Mchungaji Obwona akabaki amesimama katikati yao, hana pa kupita.

Askari aliwatazama, akajikuna shingo. Taratibu akateremsha bunduki, akamgeukia Obwona.

"Pastor," alisema kwa unyonge, "wewe nasema hawa watu nakimbia. Sasa mimi nafanya namna gani?"