Kurasa Kumi na Sita

Sura ya sita ilikuwa imebakiza kurasa nne, na mdogo mtu alikuwa na uongo wake tayari mdomoni.

"Soma kwa sauti, bibie," dada mtu alisema kitandani. "Huyo Mkorea hakupewa tuzo ili umnong'oneze."

Ilikuwa riwaya ya Kikorea, imetafsiriwa, imezoa tuzo na kuwanyima watu usingizi. Mwalimu wa jirani ndiye aliyeileta. Alimsomea dada mtu hadi ukurasa wa mwisho, kisha akamwachia mdogo mtu zamu.

"Anataka kuanzishiwa upya," alimwambia bila kumtazama usoni. "Na anataka sauti yako."

Mdogo mtu aliichukua kwake Jumapili, akaisoma kwanza peke yake. Sura ya saba ilimtoa jasho. Msichana anamsikia dada yake akipiga kelele jikoni, moto umemshika. Naye, kwa hasira za ugomvi wa asubuhi, anaongeza sauti ya redio. Kurasa kumi na sita tu. Jumatatu aliirudisha riwaya kitandani kwa dada yake, na kila alasiri alikuja kumsomea.

Zamani dada mtu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Siku dawa ya kusafishia mitambo ilipomrukia machoni, alimwita mdogo wake mara tatu. Mdogo mtu alikuwa chumba cha pili. Walikuwa wamenuniana tangu asubuhi.

"Sikukusikia, dada," aliapa hospitalini. "Mashine ya kukatia karatasi ilikuwa inanguruma."

Dada mtu hakuuliza tena. Macho hayakurudi, lakini vidole havikusahau kazi. Sindano, uzi na kisu vilikaa ndani ya kopo la biskuti kando ya mto, na daftari za jirani zilizochanika zilitoka mikononi mwake kama mpya.

Sura ya sita ikaisha. Mdogo mtu alikwisha kupanga: angesema msichana alikuwa amelala, hakusikia kitu. Angeapa tena.

Akafunua ukurasa. Akarudi nyuma, akafunua tena. Katikati ya kitabu palikuwa na uzi mpya mweupe, mishono midogo, imelingana, imekazwa vizuri.

Kurasa kumi na sita hazikuwemo.

Dada mtu aligeuza uso ukutani.

"Mbona kimya? Endelea, mdogo wangu," alisema taratibu. "Sura ya nane."