Lalla Ghita Anachagua Kisoma Kadi

Lalla Ghita alikuwa na kisoma kadi kizima nyumbani, hata kwenye pakiti hakijatolewa, asubuhi ile alipofunga safari kwenda soko la Derb Ghallef kununua kingine.

Alichokwenda kukichagua hasa ni mkwe.

Siku hiyo, baada ya alasiri, mama yake Anwar, kijana aliyeposa, angekuja kusikia jibu la posa. Ibtisam, binti pekee wa Lalla Ghita, alikuwa ameshaamua. Hata rangi ya vazi la siku ya hina alishaichagua. Lakini mama yake hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mposaji wa mwaka juzi alimtimua kwa jinsi alivyokunywa supu ya harira. Mwingine alicheka kabla kichekesho hakijaisha. Sasa huyu Anwar, ambaye Lalla Ghita alikuwa hajamtia machoni maana posa ililetwa na wazee: miaka thelathini na sita, duka lake mwenyewe, meno yote kinywani, na, kwa kauli ya wazee, hajawahi kuoa.

"Alikuwa akihangaikia duka," mama yake Anwar alieleza.

Duka! Mwanamume wa namna hiyo lazima ana kasoro mahali, na mwenye macho ya kuiona alikuwa mmoja tu Casablanca nzima.

"Karibu, mama," alisema Anwar alipomwona mlangoni pa duka lake la vifaa vya simu, pale Derb Ghallef. "Nikupe nini?"

"Mwanangu, nataka kitu cha kusomea memori kadi kwenye simu. Ila kadi yenyewe ina mambo." Akashusha sauti. "Ni ya harusi, upande wa wanawake. Wamo vichwa wazi, wanacheza. Mwanamume haruhusiwi kuona."

Kadi ilikuwa na picha arobaini na moja za mashine yake ya kufulia inayovuja, alizompigia fundi.

Kabla hajamaliza kusema, Anwar alikuwa ameshageuza kigoda chake, akakaa ameelekea ukutani. "Nitakuelekeza kwa mdomo, mama. Kubonyeza utabonyeza wewe." Akapaza sauti kuagiza chai mbili za nanaa, ya mama bila sukari.

Lalla Ghita akajiuliza amejuaje kwamba ana ugonjwa wa sukari. Adabu tu hiyo, akajijibu.

Akaanza na kisoma kadi cha rangi ya dhahabu, kinachong'aa kama jino la bandia. "Nachukua hiki."

"Hicho ni pambo, mama. Kikikaa kwenye simu dakika kumi, unakaangia yai."

"Lakini si ndicho ghali kuliko vyote?"

"Ndiyo maana sitaki ukichukue."

Lalla Ghita akakohoa kuficha furaha, akatwaa kingine.

"Hakiingii!"

"Kigeuze, mama."

"Nimekigeuza."

"Kigeuze tena."

"Kijana, unanifanya mimi mjinga?"

"Hasha! Mjinga ni aliyelichonga tundu hilo."

Cha tatu kilikuwa cheusi, kinene, kibaya kama mende, chenye midomo miwili: mmoja wa kadi kubwa za kamera, mwingine wa zile ndogo za simu. Kikaingia bila ubishi. Mashine ya kufulia ikajaa kwenye kioo cha simu, na povu lake.

"Ala! Hebu muone huyu anavyokata mauno!"

"Sioni, mama."

"Tazama mmoja tu, uniambie kama picha imetulia."

"Ukiweza kuhesabu kope zake, imetulia."

Ukutani mbele ya Anwar zilining'inia simu kadhaa zilizozimwa, vioo vyake vyeusi tii, na kila kimoja kingeweza kumwonyesha kijana mwenye macho ya wizi kilicho nyuma yake. Lalla Ghita aliliwaza hilo. Akainama juu ya meza, akanyoosha shingo kama kuku anayechungulia jikoni. Anwar alikuwa amefumba macho, ameyakaza, kama mtoto anayeoshwa uso kwa sabuni.

Hapo angetosheka mtu mwingine. Yeye akaichomoa kadi mara saba na kutaka aelezwe upya mara zote saba. Akamwaga chai juu ya kabati la kioo. Anwar akaipangusa kwa kupapasa, macho yamefumbwa vile vile, akiuliza kama mama hakuungua.

Na Lalla Ghita, aliyetoka nyumbani kutafuta kasoro, akajikuta anatafuta leso ya kufutia machozi. Akasema anakwenda kupunga hewa, akajibanza nyuma ya kibanda cha jirani, akapiga simu.

"Ibtisam, usingoje alasiri. Mpigie mama yake sasa hivi. Mwambie tumekubali."

"Kweli, mama?"

"Nimempekua mpaka utosini. Hana hata chunusi."

Vigelegele vikampasua sikio. Kabla hajamaliza kupenga kamasi, ujumbe ukaingia: mama Anwar ameshaambiwa, mashangazi wa Fez wameshaambiwa, na halua imeshaagizwa.

Akarudi dukani anatembea kama aliyeishinda kesi. Anwar alikuwa amekwisha kumfungia yule mende wake ndani ya karatasi.

"Bei gani, mwanangu?"

"Kwako bure, mama mkwe."

Mkono wa Lalla Ghita ukakwama ndani ya mkoba. "Umenijua tangu lini?"

"Tangu uliposema nisiangalie." Akamsogezea kifurushi kwa mikono miwili, mpole kama alivyokuwa tangu asubuhi. "Mama mkwe wangu wa kwanza naye alikuja na kadi ya harusi. Wa pili ndiye aliyenitoa jasho: alileta kompyuta nzima."