Mitandio Mitatu

Mtandio wa tatu ulipotea Jumatatu, na safari hii mke wa mfuga nyuki hakuuliza.

Wa kwanza, ule wa kijani, alidhani umepeperushwa na upepo. Wa pili alimsingizia mbuzi wa jirani, akamtukana mbuzi wa watu bure. Lakini huu wa zambarau ulikuwa haujafuliwa, una jasho lake, na aliutundika mwenyewe nyuma ya mlango wa chumba. Mbuzi hafungui mlango.

"Wifi, fumbua macho," alisema dada wa mume huku akimenya vitunguu. "Kaka yangu namjua. Huyu hajawahi kuosha hata kikombe chake. Leo anakuchotea maji ya kuoga, ameziba paa, hata kopo la moshi la nyuki anakufundisha kuliwasha, kama mtu anayehama! Mwanamume akizidi wema ghafla, ana jambo."

"Labda anazeeka vizuri."

"Anazeeka! Na lile jino?"

Alhamisi nne mfululizo mume alikwenda mjini kung'oa jino. Kila mara alirudi jioni amechoka, hataki kula, na meno yake yote yamo kinywani.

Tena kulikuwa na fundi cherehani, mjane mcheshi mwenye shingo ndefu, aliyehamia upande wa pili wa ua, pale pale penye mizinga. Shingo kama ile haikosi kupenda mitandio.

Kila asubuhi mume alikwenda huko, akakaa saa nzima. "Nazungumza na nyuki," alisema. Hilo halikuwa geni. Bibi yake alimwachia mizinga pamoja na sharti: nyuki waambiwe kila jambo la nyumba, harusi, uzazi, msiba, la sivyo watahama. Siku ya ndoa yao aliwapelekea habari kabla hata ya kubadili nguo. Bibi harusi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Labda nyuki walimsikia. Kila alipowakaribia alirudi na jicho limevimba kama ngumi. Akaapa hatakanyaga huko tena, na kwa miaka ishirini na sita hakukanyaga.

Jumanne asubuhi alikanyaga. Alivua viatu, akapita nyuma ya banda la kuni, akajibanza. Sauti ya mume ilimfikia, laini, ile ile ya siku za uchumba.

"Ana hasira za karibu, lakini hazikai. Moyo wake mweupe. Mkizoeana mtapendana."

Mke aliuma mdomo. Kumbe! Analetewa mke mwenza, na huyo mwenza anabembelezwa kwanza! Alijikaza, akatoka mafichoni na tusi lake mdomoni.

Fundi hakuwapo.

Mume alikaa peke yake juu ya gogo, amempa mgongo. Mtandio wa kijani ulikuwa kichwani mwake, mwingine shingoni, na ule wa zambarau ameuzungushia mkono aliouweka mlangoni mwa mzinga. Nyuki walitambaa juu ya kitambaa polepole, kama wanaokisoma.

Mmoja akaruka, akatua kwenye kiganja cha mke. Mke akafumba macho, akingoja kuumwa. Nyuki akatembea, akanusa kidole hiki na kile, akaenda zake.

"Ishikeni vizuri harufu yake, wanangu," mume alikuwa akiwaambia, "na msije mkahama. Maua yajayo, daktari amesema, mtayaona pamoja naye tu."