Hodi Chini ya Sakafu

Wanyama wa mji mmoja walikuwa na kundi lao mtandaoni, na Kenge, mpenda usafi, ndiye aliyelisimamia. Kila ujumbe usiohusu mji aliufuta.

Asubuhi moja Fuko, mwoga wa siku zote, aliandika: "Jamani, kuna anayepiga hodi chini ya sakafu yangu. Nifanyeje?"

Kenge akaufuta ujumbe huo. "Mji uko juu ya ardhi, bwana Fuko. Ya chini si yetu."

"Lakini hachoki, Mzee Kenge. Nimwitikie?"

"Mkaribishe basi, usitujazie kundi."

Fuko hakuandika tena. Kesho yake Kicheche alilalamikia hodi hiyo hiyo, akajibiwa vivyo hivyo, naye akanyamaza. Ikawa hivyo kwa Nguchiro, kisha kwa wengine wote. Kenge akafurahi kuona kundi limekuwa safi.

Jioni moja sakafu yake mwenyewe ikagongwa taratibu. "Hodi."

Kenge akaandika: "Jamani, nisaidieni. Kuna anayepiga hodi chini yangu."

Jibu la Fuko likaja upesi. "Hilo si la mji, Mzee Kenge. Mkaribishe tu. Sote tuko huku chini."