Mkaa Barabarani

Siku ya pili baada ya kumzika Hidaya, watu walijazana uwanjani kujadili nani alaumiwe. Tausi, mama wa marehemu, aliketi mbele kabisa.

Mkuu wa polisi alisema gari lao lilikuwa likiwahi tukio la dharura, na mtoto mdogo vile hakupaswa kuvuka barabara peke yake. Mwanamke mmoja akadakia kwamba wazazi wa siku hizi wamejisahau.

Tausi akasimama. "Dharura gani, afande? Gari lenu lilijaa magunia ya mkaa. Lilipomgonga mwanangu gunia likapasuka, mkaa ukatapakaa barabara nzima."

"Mkaa gani, mama?" Mkuu akawageukia watu. "Kuna aliyeuona?"

Siku ile, mtoto akiwa bado amelala barabarani, watu hao hao walikuwa wameuokota mkaa wote kwa ndoo na mabeseni.

Tausi akafungua fundo la kanga yake, akatoa kipande kimoja alichokikuta kwenye gauni la mtoto, akakiweka mezani mbele ya mkuu. Nyuma ya uwanja, kwenye nyua za watu, majiko ya mchana yalikuwa yanawaka.